Kuunda Modeli Kadhaa kwa Wakati Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo waundaji wa modeli za plastiki huulizana kila wanapokutana, hasa wale ambao tayari wana ndege ambayo rangi yake haijakauka, kifaru kisicho na minyororo na boksi jipya lililofunguliwa jana usiku. Humu, neno "seti" lina maana ya boksi zima la vipande kama linavyotoka kiwandani. "Fremu" ni vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande kabla havijakatwa. Na "dekali" ni zile alama nyembamba zinazochovywa kwenye maji kisha kutelezeshwa hadi mahali pake juu ya modeli. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kuna tofauti gani kati ya mradi uliofunguliwa na seti iliyoko kabatini?

Seti ambayo vipande vyake bado vimo ndani ya mifuko yake ni akiba, si mradi. Inaweza kukaa kabatini miaka kumi bila kudai chochote isipokuwa mahali pakavu. Mradi huanza pale kipande cha kwanza kinapokatwa kutoka kwenye fremu, kwa sababu kuanzia hapo kuna vitu vinavyoweza kupotea, maamuzi yanayoweza kusahaulika na kazi iliyoachwa katikati.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu wengi wanaosema wamelemewa na modeli ishirini wana akiba ya modeli kumi na saba na miradi mitatu tu, na hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Anayehitaji msaada ni yule ambaye kila boksi likifika analifungua siku hiyo hiyo, anakata vipande vichache ili aone vinavyokaa, kisha analirudisha rafuni likiwa limeguswa.

2. Kwa nini nisimalize modeli moja kwanza ndipo nianze nyingine?

Unaweza kufanya hivyo, na wako waundaji hodari ambao hawajawahi kufanya vinginevyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii ni kusubiri: gundi ishike, puti ikauke, rangi ikomae, vanishi itulie. Mwenye modeli moja mezani, muda huo ukifika, ama aondoke mezani ama aiguse modeli kabla ya wakati wake, na kwa niliyoyaona, alama za vidole kwenye rangi mbichi zimeharibu modeli nyingi kuliko kisu kilichoteleza. Faida ya kwanza ya mradi wa pili, basi, ni kuipa mikono shughuli nyingine ili mradi wa kwanza upumzike.

Faida ya pili ni kwamba kazi za modeli hazifanani. Kupaka chumba cha rubani kunahitaji mwanga mzuri na macho yasiyochoka, ilhali kusafisha magurudumu kumi na sita ya kifaru kwa msasa kunaweza kufanywa usiku baada ya siku ndefu kazini.

Faida zote mbili zina sharti moja, nalo ndilo ninalolisisitiza kuliko jingine lolote katika ukurasa huu: miradi iwe katika hatua tofauti. Modeli tatu zinazongojea kupakwa rangi hazisaidiani hata kidogo. Ni foleni moja ndefu, na kila uendapo mezani unakutana na kazi ile ile mara tatu.

3. Ni miradi mingapi inatosha?

Kwa mtu anayepata jioni tatu au nne kwa wiki, mitatu inatosha: mmoja katika hatua ya kukata na kuunga, mmoja katika hatua ya rangi, na mmoja katika hatua ya dekali na umaliziaji. Ule wa mwisho ukikamilika, mingine miwili inasogea mbele, na hapo ndipo seti mpya inafunguliwa. Anayepata saa mbili au tatu tu kwa wiki abaki na miwili.

Baadhi ya waundaji huongeza mradi mwepesi wa nne, na sioni ubaya wake. Seti za Gundam, yaani modeli za roboti za katuni ya Kijapani zinazotengenezwa na kampuni ya Bandai, kwa mfano, huungwa kwa kubana vipande bila gundi, na plastiki yake hutoka kiwandani ikiwa na rangi. Mradi wa namna hiyo haudai hatua ya kusubiri wala hauchukui nafasi ya mwingine.

Namba hizi si sheria, ila kuna dalili moja ambayo haijawahi kunidanganya. Ukikaa mezani ukalazimika kusoma karatasi ya maelekezo tangu ukurasa wa kwanza ili ukumbuke ulipoishia, umefungua miradi mingi kuliko unayoweza kuibeba.

4. Mimi ndiyo kwanza naanza. Niunde mbili kwa pamoja?

Hapana. Modeli mbili au tatu za kwanza ziunde moja moja, kwa sababu mwanafunzi anahitaji kuuona mnyororo mzima, kuanzia kipande cha kwanza hadi vanishi ya mwisho, na kujua kosa la mwanzoni linajitokeza wapi baadaye. Ukishaziweka tatu rafuni, soma jibu la swali la 5.

## Kuchagua miradi inayokwenda pamoja

5. Nichague modeli zinazofanana au zinazotofautiana?

Zifanane katika rangi, zitofautiane katika kazi.

Kufanana kwa rangi kunaokoa muda, pesa na usafishaji wa vifaa. Ndege za kivita za Uingereza za katikati ya mwaka 1940, Spitfire na Hurricane, zote mbili zilipakwa kijani iliyokoza na kahawia ya udongo kwa juu, na rangi hafifu iitwayo Sky kwa chini. Rangi iliyochanganywa kwa ajili ya moja inatosha nyingine jioni hiyo hiyo. Magari ya Kimarekani ya Vita vya Pili, kuanzia Sherman hadi Jeep, yanakutana katika kijani ya zeituni. Ndege za abiria zenye viwiliwili vyeupe zote zinadai praima nyeupe, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia zinazofuata, na tabaka kadhaa za rangi nyembamba, kazi ambayo ni afadhali kuifanya mara moja kwa modeli mbili.

Lakini taifa moja halimaanishi rangi moja, na hapa wengi hujikwaa. Kuanzia Agosti 1941 ndege za kivita za Uingereza zilizopigana Ulaya ziliacha kahawia na kuchukua kijivu. Kwa hiyo Spitfire Mk IX, toleo la baadaye, haigawani chupa na Hurricane ya 1940, ingawa zote zina alama za jeshi lile lile. Vivyo hivyo, magari ya kivita ya Ujerumani yalikuwa ya kijivu iliyokoza hadi Februari 1943, ndipo agizo likatoka kwamba rangi ya msingi iwe njano iliyokoza. Panther inaweza kwenda sambamba na StuG III ya mwaka 1944, lakini si na StuG III ya 1941. Kabla ya kuunganisha miradi miwili kwa sababu ya rangi, hakikisha mwaka wa kila mmoja.

Kutofautiana kwa kazi kunalinda moyo wako. Tiger I ina viungo 96 vya mnyororo kila upande, na katika seti ambazo kila kiungo ni kipande cha pekee hiyo ni kazi ya majuma kadhaa. Kuweka vifaru viwili vya aina hiyo mezani kwa pamoja ni njia ya uhakika ya kuvichukia vyote. Weka kifaru pamoja na ndege ya kisasa isiyo na vipande vingi, au ndege ya kizamani ya mabawa yaliyopangwa moja juu ya jingine, yenye nyuzi, pamoja na gari la mashindano. Ugumu wa moja uwe mahali ambapo nyingine ni rahisi.

6. Je, naweza kuchanganya skeli tofauti, yaani modeli zilizopunguzwa kwa viwango tofauti kulinganisha na kitu halisi?

Unaweza, mradi uwe umeipima meza yako. Ni vizuri kukokotoa ukubwa kabla ya kununua, kwa sababu picha ya boksi haisemi kitu. Spitfire Mk I yenye upana wa mabawa wa mita 11.23 inakuwa na sentimita 15.6 katika skeli ya 1/72, sentimita 23.4 katika 1/48 na sentimita 35 katika 1/32. Super VC10, ndege ya masafa marefu ambayo East African Airways ilianza kuitumia mwaka 1966, ina urefu wa mita 52 na ushei, kwa hiyo katika 1/144 inafika sentimita 36. Titanic katika 1/350 ni sentimita 77, na hiyo si modeli ya kuisukuma pembeni wakati wa chakula.

Hatari isiyoonekana mara moja iko katika uchakazaji, yaani kuonyesha mikwaruzo, kutu na vumbi. Mkwaruzo wa milimita moja katika skeli ya 1/35 ni sawa na sentimita 3.5 kwenye gari halisi, na hilo linakubalika. Mkwaruzo huo huo katika 1/72 ni sentimita 7.2, na katika 1/350 ni sentimita 35, ambao kwenye ubavu wa meli unaonekana kama shimo. Mkono uliozoea kifaru jioni yote usihamie moja kwa moja kwenye meli. Fanya kwanza majaribio kwenye kipande cha plastiki kisicho na kazi.

7. Vipi kuhusu kuunda seti mbili zilizo sawa kabisa?

Hii ni hali pekee ambapo ninaruhusu hatua zinazokaribiana. Ya kwanza iwe hatua moja mbele ya ya pili: mahali ambapo bawa la kwanza lilikataa kukaa, la pili utalichonga kabla ya kutia gundi. Ukizisukuma zote kwa hatua sawasawa, kosa moja utalifanya mara mbili. Zaidi ya mbili sishauri.

## Meza, vipande na kumbukumbu

8. Meza yangu ni ndogo. Nitaiweka wapi miradi mitatu?

Juu ya meza panakaa mradi mmoja tu, ule unaoushughulikia sasa. Mingine inakaa kwenye trei au kontena za chakula zenye vifuniko, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kifuniko kina kazi mbili: kuzuia vumbi lisiangukie rangi mbichi, na kuzuia paka au mtoto. Jambo moja tu la kuangalia ni kwamba gundi na rangi zenye kemikali kali zinahitaji hewa ili zikauke, kwa hiyo saa za mwanzo acha kifuniko kikiwa wazi kidogo.

9. Nifanyeje ili vipande vya miradi tofauti visichanganyike?

Usikate kipande usichokihitaji leo. Kipande kilicho kwenye fremu kina namba yake kando. Kikishakatwa ni plastiki isiyo na jina, na magurudumu madogo ya ndege mbili za skeli moja yanafanana kiasi cha kukudanganya. Fremu za kila mradi zirudi kwenye boksi lake kila jioni, hata kama utaendelea kesho asubuhi.

Vipande vidogo vilivyokwisha kukatwa viweke kwenye trei ya mayai au vikopo vya dawa vilivyooshwa, kila tundu likiwa na namba ya hatua. Vile vinavyosubiri rangi vibanwe kwenye vijiti vya mishikaki, na kila kijiti kifungwe tepu ndogo yenye jina la mradi. Mimi hutumia tepu ya rangi moja kwa kila mradi, nyekundu, buluu na njano, na tangu nianze sijawahi kumpa rubani kiti cha ndege ya mwenzake.

Vipande vya kioo viwekwe kwenye mfuko wake peke yake tangu siku ya kwanza. Vinakwaruzika kwa kugusana na fremu nyingine, na mvuke wa supaglu inayokauka karibu yake huviachia ukungu mweupe usiotoka kirahisi.

10. Kuna haja gani ya kuandika kwenye daftari? Si nitakumbuka?

Kwa modeli moja utakumbuka. Kwa tatu hutakumbuka, na ushahidi utauona siku utakapotaka kurekebisha mkwaruzo kwenye bawa ulilolipaka miezi miwili iliyopita kwa mchanganyiko ambao uwiano wake umeusahau. Rangi iliyochanganywa mara ya pili kwa kukisia huonekana kama kiraka.

Kila mradi upewe ukurasa wake, na ndani yake uandike mambo manne: rangi zilizotumika pamoja na uwiano wake kwa matone; aina ya kila tabaka na tarehe yake, kwa sababu zitakazotajwa katika swali la 13; mabadiliko yoyote uliyoyafanya kinyume na maelekezo; na, muhimu kuliko yote, sentensi moja inayosema hatua inayofuata ni ipi. "Piga msasa ungio la tumbo, namba 600, kisha praima." Sentensi hiyo iandikwe kabla hujainuka mezani, ukiwa bado unajua. Ukirudi baada ya wiki mbili, huhitaji kufikiri. Unahitaji kusoma tu.

Pamoja na maandishi, paka tone la kila mchanganyiko kwenye kipande cha plastiki nyeupe na ukihifadhi ndani ya boksi la mradi. Karatasi hunywa rangi na kuibadilisha. Plastiki haifanyi hivyo.

## Gundi, rangi na kusubiri

11. Kila hatua inahitaji kusubiriwa muda gani?

Gundi ya plastiki haigandishi vipande tu. Huyeyusha nyuso mbili zikawa moja. Ungio hushika baada ya dakika chache, lakini plastiki iliyoyeyuka huendelea kusinyaa kwa saa nyingi. Ukipiga msasa jioni hiyo hiyo, ungio litakuwa laini na zuri, kisha baada ya wiki, rangi ikiwa imeshapakwa, mstari utajitokeza tena kama mfereji. Subiri siku nzima. Puti nayo ipakwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke, kwani tabaka nene hukauka juu na kubaki mbichi ndani.

Rangi za akriliki huweza kuguswa baada ya nusu saa, ila ni salama zaidi kusubiri hadi kesho yake kabla ya kubandika tepu ya kuzibia sehemu zisizotakiwa kupata rangi inayofuata. Rangi za enameli zihesabie siku nzima kwa kuguswa na siku mbili au zaidi kwa tepu. Kuna kipimo cha kizamani ambacho bado ninakiamini: isogeze modeli karibu na pua uinuse, ikiwa bado inatoa harufu, bado haijakomaa. Rangi za mafuta za wachoraji, zinazotumiwa kwa uchakazaji, zinaweza kuchukua siku kadhaa. Ukizimimina kwanza juu ya kadibodi kwa saa moja, kadibodi hunyonya sehemu ya mafuta na muda hupungua.

Vanishi ya kung'aa inayotangulia dekali iachwe usiku mzima, na dekali zenyewe usiku mwingine kabla ya vanishi ya kufungia.

Ukizisoma namba hizi kwa pamoja, ratiba hujipanga yenyewe. Jioni ya kwanza unafunga kiwiliwili cha ndege kwa gundi na kukiweka kando. Unahamia kwenye kifaru kilichokomaa rangi na kukitia dekali. Kabla ya kulala unakata vipande vya mradi wa tatu. Jioni ya pili ndege iko tayari kwa msasa, kifaru kiko tayari kwa vanishi, na hakuna kilichoguswa kabla ya saa yake.

12. Naweza kupuliza rangi modeli zaidi ya moja siku moja?

Ndiyo, na ndiyo njia bora ya kutumia brashi ya hewa, yaani kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa kuiandaa na kuisafisha huchukua muda mrefu kuliko kupuliza kwenyewe. Siku iliyotangulia, maliza kuziba kila modeli, osha mafuta ya vidole, na panga modeli kwa utaratibu wa rangi badala ya utaratibu wa miradi. Anza na nyeupe, fuata njano na rangi hafifu, kisha zilizokoza, na metali ziwe za mwisho kabisa. Chembe za rangi ya metali hujificha ndani ya brashi na kujitokeza kwenye nyeupe yako wiki ijayo. Chombo cha kusuuzia metali kiwe cha peke yake.

Praima nayo inaongoza mpangilio. Njano, nyekundu na nyeupe zinataka praima nyeupe. Metali zinazong'aa zinataka nyeusi ya kung'aa chini yake.

13. Kwa nini rangi yangu iliganda kama maziwa yaliyokatika, au ikakunjamana juu ya modeli?

Matatizo haya mawili huwapata sana wenye miradi mingi, kwa sababu hubeba tabia ya mradi mmoja kwenda kwenye mwingine.

La kwanza linatokana na tina, yaani kimiminika cha kuifanya rangi iwe nyepesi. Chupa mbili zinaweza kuandikwa "akriliki" na zisiwe ndugu. Akriliki za Tamiya hukubali tina yake yenyewe au alkoholi ya isopropili. Za Vallejo Model Color zimetengenezwa kwa maji, na zikiwekewa alkoholi hugeuka mabonge ndani ya brashi. Kila chupa ya tina iandikwe kwa herufi kubwa ni ya rangi ipi.

La pili linatokana na mpangilio wa tabaka. Rangi za laka zina kemikali kali. Ukizipuliza juu ya enameli, zinaweza kuilainisha na kuikunja. Kinyume chake hakina shida: rangi nyepesi ya enameli au ya mafuta inaweza kupita juu ya laka au akriliki iliyokomaa. Hii ndiyo sababu ya kuandika aina ya kila tabaka, kama ilivyoelezwa katika swali la 10.

14. Ninaishi pwani. Joto na unyevu vinabadilisha nini?

Vinabadilisha mengi, na mwenye kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi atashangaa. Laka ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hupata ukungu mweupe, kwa sababu kemikali inayopaa haraka hupoza uso wa rangi na kuvuta maji kutoka hewani. Tumia tina inayokausha polepole, weka kichujio cha maji kwenye bomba la kompresa, na ikiwezekana ngoja saa ambazo hewa ni kavu zaidi. Akriliki ina tatizo lake: joto huikausha kwenye ncha ya brashi kabla haijatoka, na matone machache ya dawa ya kuchelewesha ukaukaji husaidia.

Hapa ndipo miradi mingi inapokuwa baraka. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, mimi huikata na kuiunga miradi yote na kuacha laka ndani ya kabati. Mvua zikikatika, huwa nina modeli zilizo tayari kwa praima. Ni kweli kwamba hilo linavunja kwa muda kanuni ya hatua tofauti, lakini hali ya hewa haibishaniwi.

15. Umeme ukikatika katikati ya kupuliza?

Kompresa yenye tangi dogo hukupa hewa ya dakika chache, na dakika hizo zitumie kusafisha brashi, si kumalizia bawa. Bila tangi, mwaga rangi iliyobaki ndani ya brashi na uifute ndani mara moja. Kisha endelea na mradi ulio katika hatua ya kukata, ambao unahitaji taa tu.

16. Rangi ninazohitaji hazipatikani karibu. Nipange vipi manunuzi?

Makopo ya kupuliza na tina zinazoshika moto ni mizigo ya hatari, na kwa kawaida hayaruhusiwi katika vifurushi vya posta ya ndege. Akriliki za maji husafiri kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo panga miradi yako kuzunguka kundi dogo la chupa ulizo nazo, kama ilivyoshauriwa katika swali la 5, na usifungue seti inayodai rangi tano mpya kabla hazijafika. Fremu zilizokatwa zikisubiri kifurushi ndiyo asili ya miradi mingi iliyokwama.

## Miradi iliyosimama

17. Nitajuaje kwamba mradi umekwama, na nifanye nini?

Umekwama ikiwa miradi mingine miwili imesogea hatua nzima na wenyewe haujaguswa. Sababu kwa kawaida ni moja kati ya tatu: hatua inayofuata inakutisha, kuna kipande kimepotea, au huna uhakika wa rangi. Andika ni ipi. Hofu hutibiwa kwa kujaribu kwenye plastiki isiyo na kazi. Kipande kilichopotea huweza kuchongwa kwa bamba la plastiki au kuombwa kwa mwenye seti kama yako. Na shaka ya rangi humalizwa kwa kuchagua ndege au gari moja halisi lenye picha na kulifuata hilo.

18. Ninarudi kwenye modeli niliyoiacha miaka miwili. Nianzie wapi?

Usianze na gundi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ili kutoa vumbi na mafuta, iache ikauke, kisha kagua kila ungio kwa kulibonyeza polepole. Hesabu vipande vilivyobaki ukilinganisha na maelekezo. Karatasi ikiwa imepotea, kampuni nyingi huweka nakala zake kwenye mtandao. Kabla ya kupaka rangi juu ya rangi ya zamani, jaribu mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya nafasi ya magurudumu.

19. Dekali zimekuwa za njano au zinapasuka. Zimekwisha?

Za njano huweza kupona. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uubandike kwenye kioo cha dirisha lenye jua. Baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa kwa zilizoharibika sana, njano hufifia. Zile zinazopasuka zikiguswa na maji zinahitaji tabaka la vanishi angavu juu ya karatasi nzima kabla ya kuchovywa, na baada ya hapo kila alama ikatwe kwa kuifuata ukingo wake. Jaribu kwanza alama usiyoihitaji. Kinga yake ni rahisi: siku unapofungua seti, toa dekali, zifunge kwenye mfuko mkavu na uziweke mbali na joto.

20. Matairi ya mpira yameyeyusha rimu. Imekuwaje?

Baadhi ya matairi na minyororo laini yana kilainishi ambacho huhama polepole na kuila plastiki inayogusana nayo. Hutokea hasa kwenye miradi iliyosimama, kwa kuwa inahitaji muda. Rimu zilizolika ni vigumu kuokoa. Kwa zilizo salama, zihifadhi mbali na matairi hadi mwisho, na uzipake vanishi au uzizungushie utepe mwembamba wa foili kabla ya kuzivalisha.

21. Ni lini inafaa kuuacha mradi kabisa?

Unapoona kwamba hata ungekuwa wa mwisho duniani usingetamani kuumalizia. Wenye vipande kamili mpe mtu mwingine, ukiwa pamoja na ukurasa wake wa daftari. Ulioharibika uufanye modeli ya majaribio: bawa lake ndilo litakalopokea kila mchanganyiko mpya kabla haujagusa modeli unazozipenda. Mojawapo ya modeli zangu za kale imepakwa zaidi ya mara thelathini, na ninaithamini kwelikweli.

## Hali za pekee

22. Mradi mmoja una tarehe, kwa mfano zawadi au maonyesho. Mingine iwe wapi?

Ndani ya maboksi yake, imefungwa, na sentensi ya hatua inayofuata ikiwa imeandikwa. Kuisukuma pembeni ya meza hakutoshi, kwa sababu macho huirudia. Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye tarehe kwa kutumia muda wa swali la 11, kisha ongeza wiki moja kwa ajili ya kitu kitakachovunjika.

23. Mtoto wangu anataka kusaidia.

Mpe mradi wake mwenyewe, mmoja, wa kubana bila gundi, kwenye trei yake. Kumpa kipande cha mradi wako na kisha kukirekebisha akilala kunamuumiza akigundua, na hugundua. Kisu, supaglu na tina vibaki juu, mbali naye, na dirisha liwe wazi kila panapotumika gundi.

24. Ninaunda meli kubwa itakayochukua miaka. Niihesabu vipi?

Usiihesabu kama mradi mmoja. Igawe: ganda la meli, sitaha, mashua za uokozi, milingoti na nyaya, kila sehemu ikiwa na trei yake na ukurasa wake. Sehemu moja tu ndiyo iwe wazi kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo inayochukua nafasi kati ya zile tatu za swali la 3. Sehemu iliyokamilika ifungwe kwenye karatasi laini na kuwekwa mbali na mwanga wa jua, kwa kuwa nyeupe iliyopakwa mwaka huu na nyeupe itakayopakwa miaka miwili baadaye zitasimama bega kwa bega. Kwa sababu hiyo hiyo, nunua mwanzoni chupa za kutosha meli nzima na uzifunge vizuri, na paka rangi ya ganda, sitaha na mabomba makubwa ya moshi katika msimu mmoja, hata kama mashua zitasubiri.